Kivuli cha Kifuniko cha Kioo

Mtakapokuta neno nililoliandika vibaya, naomba mnisamehe. Yule aliyeyapiga chapa maandishi haya namwomba msamaha zaidi, kwa sababu ndiye aliyehangaika na mwandiko wangu. Nilisoma hadi darasa la nane, na naandika polepole, nikirudia kila sentensi kabla ya kuanza nyingine. Lakini mambo niliyoyaona nikifanya kazi maabara sijayaona yameandikwa na mtu wa kwetu, kwa hiyo nimejaribu.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa naishi Gatwekera, mtaa wa mabanda kando ya reli, na shangazi yangu, ambaye mimi na majirani wote tulimwita Anti. Anti alikuwa mchinja kuku sokoni Kawangware. Asubuhi tulitoka pamoja kwa miguu, tukavuka reli, tukapanda Woodley, tukaifuata barabara hadi Dagoretti Corner, halafu tukaingia Kawangware. Yeye alichinja, mimi nilinyonyoa. Niliipenda kazi ya kunyonyoa kwa sababu haikunidai maneno. Wateja waliongea na Anti, na mimi niliinama juu ya ndoo ya maji ya moto.

Siku moja alikuja mwanamke kijana aliyebeba chupa ya chai.

"Sasa, mama," alimsalimu Anti. "Naomba damu."

"Damu ya nani?"

"Ya kuku. Yoyote utakayemchinja leo. Nyama muuzie mwenye nyama, mimi nataka damu tu."

Anti aliacha kunoa kisu. "Dada yangu, hapa damu inaenda kwa mtaro. Miaka yote hii hakuna mtu ashawahi kuniitisha."

Mama wa meza ya pili, aliyekuwa anauza mayai, alidakia. "Muulize anaenda kuroga nani. Kama ni mwenye ploti yetu anayetudai kodi, mpe yote."

Yule mwanamke alicheka kuliko sisi wote. Alisema hamrogi mtu, anasoma chuo kikuu, na kazi yake ni kuchunguza vitu vidogo vilivyo ndani ya damu. Alieleza kwamba chembe nyekundu za damu ya binadamu hazina kiini, lakini za kuku zinacho, kila moja, na anachokitafuta kiko ndani ya kiini hicho.

Nilijikuta nimesema, "Kwa nini za kuku?"

Anti aligeuka akanitazama, kwa sababu hakuzoea kunisikia nikiongea na mgeni. Yule mwanamke naye alinitazama, ila kwa namna nyingine.

"Hilo swali ni zuri," alisema. "Najua zinacho. Kwa nini zinacho, sijui vizuri."

Ndani ya ile chupa hakukuwa na chai. Kulikuwa na maji yenye dawa ya kuzuia damu isigande. Anti alikinga damu ya jogoo mmoja, na mwanamke akaondoka akiitikisa chupa taratibu kama mtu anayembembeleza mtoto.

Alirudi wiki iliyofuata, na nyingine tena. Tulianza kumwita Daktari. Yeye alikataa, akisema huo udaktari bado hajapewa, ndio anaoutafuta. Baadaye nilikuwa namfikishia damu mwenyewe, kwa sababu maabara ilikuwa mlimani juu ya soko, nyuma ya ua wa miiba ya kayaba. Mwishowe aliniuliza kama ningependa kuajiriwa kuosha vyombo na kumwandalia kazi. Anti alisema, "Nenda, kuku hawataisha." Nikaenda.

Jambo la kwanza lililonishangaza lilikuwa rangi. Daktari alizipasua zile chembe kwa dawa, akazungusha damu kwenye mashine inayokimbia sana, akamwaga ule wekundu wote kwenye sinki. Chini ya chupa kulibaki kitu cheupe kama maziwa yaliyokatika. Wekundu ulikuwa umeondoka na kilichobaki kilikuwa viini. Nilikuwa nimeiona damu ya kuku tangu nikiwa mdogo, na sikuwahi kudhani kuna cheupe ndani yake.

Nilimuuliza anatafuta nini ndani ya hicho cheupe. Wakati huo nilikuwa nimesukwa nywele zenye shanga mwishoni. Aliniomba ushanga mmoja, akachomoa uzi kwenye pindo la koti lake.

"Uzi huu ni DNA," alisema. "Ndio wenye maagizo yote ya kutengeneza kuku. Ushanga huu ni protini." Aliuzungusha uzi juu ya ushanga karibu mara mbili. "Uzi unazunguka hivi, unaenda kwa ushanga mwingine, unazunguka tena, maelfu kwa maelfu. Halafu kuna protini nyingine zinazokaa juu ya uzi, hapa na pale. Zote pamoja na uzi tunaziita kromatini. Swali langu ni moja tu. Nani ameushika uzi, na nani amesimama tu karibu?"

"Si ufungue uangalie?"

"Nikifungua, wote wanainuka. Aliyekuwa ameshika anaachia, na aliyekuwa mbali anakuja kushika. Mwisho sijui nani alikuwa wapi."

Hilo nililielewa haraka, kwa sababu nilifikiria mpira wa maji kule Gatwekera. Maji yakija, watu kumi wanauzunguka mpira mmoja. Mwenye maji akitokea anafoka, na kila mmoja anasema hakuwa ameushika. Nilimwambia Daktari hivyo, akafurahi sana.

"Basi sikia. Kuna mwanga ambao jicho haliuoni. Kwa Kiswahili unaitwa urujuanimno. Nikiumulika hapo kwenye mpira, kila mkono uliougusa unanata palepale. Aliyesimama karibu bila kugusa hanati. Halafu namwaga sabuni kali na chumvi nyingi, wote ambao hawakunata wanachukuliwa na maji. Anayebaki ndiye aliyekuwa ameshika, na hawezi kunidanganya."

Taa ya mwanga huo ilikuwa imefungwa ndani ya kasha la mbao, ambalo alitengenezewa na fundi mmoja wa sehemu inayoitwa Kongo, hapo hapo Kawangware. Ndani lilipakwa rangi nyeusi. Mbele kulikuwa na mlango, na kando dirisha dogo la kioo, ukubwa wa bahasha. Aliniambia nisiufungue mlango taa ikiwa inawaka, kwa sababu mwanga huo unachoma macho kama ya mchomeleaji asiyevaa miwani. Nikitaka kuangalia, niangalie kupitia kioo, kwa sababu hauwezi kupita kwenye kioo. Niliyaweka maneno hayo akilini kama onyo la macho, basi.

Mara ya kwanza alifanya kazi yote mwenyewe, mimi nikiwa kwenye sinki. Baada ya siku kadhaa aliniita nione. Juu ya kipande cha kitu laini kama jeli kulikuwa na mistari ya buluu iliyofifia. Kila mstari ulikuwa protini ya aina yake iliyokutwa imenata kwenye uzi. Kando yake kulikuwa na safu ya viini visivyomulikwa, na hapo hapakuwa na mstari hata mmoja. "Ni hafifu," alisema, "lakini ni mwanzo."

Muda si mrefu alipewa wanafunzi wa kufundisha mjini, akawa hayupo asubuhi. Kazi ya kumulika akaniachia mimi. Aliandika karatasi akaibandika ukutani: weka visahani juu ya barafu, washa taa dakika kumi, zima, rudisha vyote kwenye friji. Niliisoma mpaka nikaijua kwa moyo. Nilijivunia kwamba kazi hiyo ilikuwa yangu.

Visahani vilikuwa vya kioo chembamba, kila kimoja na kifuniko chake cha kioo. Mimi nilivifunika vyote. Karatasi haikusema nifunike, wala haikusema nisifunike, na kwangu hilo halikuwa jambo la kuamua. Mabati ya nyumba yetu yalikuwa yameoza, na treni ikipita kutu ilidondoka. Iliingia kwenye chai, kwenye unga, kwenye maji ya kunywa. Kwa Anti hakuna kitu kilichokaa wazi, hata chumvi, hata kikombe ulichokiweka chini kidogo upige chafya. Nikiwa mdogo niliwahi kuacha sufuria ya mboga wazi, na Anti akanifanya niimwage yote mbele ya majirani. Tangu hapo mkono wangu ulifunika bila kuniuliza. Daktari alipokuja mchana alivikuta visahani kwenye friji vimefunikwa, na kwenye friji ndivyo vilivyopaswa kuwa, kwa hiyo hakushuku kitu.

Safu zikaanza kutoka tupu.

Mara ya kwanza Daktari alisema labda sabuni ilikuwa kali mno. Mara ya pili alibadilisha chumvi. Mara ya tatu alinunua taa mpya. Alibadilisha dakika kumi kwenye karatasi zikawa ishirini. Nilimulika ishirini, nimefunika vizuri. Hakukuwa na mstari. Miezi mitatu ikapita hivyo. Alianza kuwashuku hata kuku. Alimuuliza Anti kama wanaugua.

"Kuku wangu?" Anti alimjibu mbele ya soko zima. "Daktari, hawa kuku wana afya kukushinda. Wewe ndiye umekonda."

Ilikuwa kweli, alikuwa amekonda. Siku moja aliniambia sababu, akiwa amesimama dirishani. Profesa aliyemsimamia alikuwa anakuja mwisho wa mwezi. Kama hangekuta kitu, angeifunga kazi hiyo ya taa, na Daktari angerudi kufundisha shule ya sekondari, miaka yake mitatu ikiwa imepotea. Hakulia. Aliniambia tu, kisha akaniuliza kama barafu inatosha.

Kilichofuata kilianza kwa uzembe. Jumatatu moja nilisahau kitambaa cheupe cha kupangusia juu ya barafu ndani ya kasha, nikapanga visahani juu yake, nikafunga mlango, nikawasha. Nilipochungulia kupitia kioo cha kando, kitambaa kilikuwa kinang'aa buluu, kana kwamba kimewashwa chenyewe. Baadaye nilijua ni ile sabuni ya unga tunayofulia. Ina kitu kinachopokea mwanga usioonekana na kuutoa ukionekana. Lakini siku hiyo sikutazama sana mng'aro. Nilitazama chini ya visahani, ambapo kulikuwa na miduara ya giza.

Kisahani ni kioo na kifuniko ni kioo. Ukikiweka juu ya gazeti unasoma kila neno. Kitu ambacho jicho linapita ndani yake kitakuwaje na kivuli?

Mchana wakati wa chakula niliweka kifuniko kimoja peke yake juu ya kitambaa, nikawasha. Mduara wa giza. Nikaweka kipande cha kioo cha dirisha kilichovunjika. Giza. Nikaweka karatasi ya nailoni ya kufungia sukari, na kitambaa kikang'aa chini yake kama kawaida. Nikatia maji kidogo ndani ya nailoni hiyo, bado kiling'aa. Unyoya wa kuku ulitoa kivuli. Karatasi ya kuandikia haikutoa kivuli, iling'aa yenyewe. Nilisahau kula. Kila kitu nilichokuwa nacho mfukoni nilikiingiza ndani ya lile kasha, na kila mara nilizima taa kwanza kabla ya kufungua mlango, kama nilivyofundishwa.

Nilipokuwa narudisha vifuniko kwenye visahani vyake ndipo nilipoelewa. Mkono wangu ulikuwa unafunika, nikautazama ukifunika.

Nilimwambia Anti tukiwa njiani kurudi nyumbani. Alinisikiliza mpaka tulipofika karibu na reli.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi si uanze kuacha wazi, unyamaze? Mistari itarudi, atafurahi, atasema ni Mungu."

Nilikuwa nimefikiria hilo. "Atadhani ni ile taa mpya," nilisema. "Au chumvi. Ataandika kitabuni kitu ambacho si kweli."

"Na akikufukuza?"

Niliruka reli, naye akanifuata.

"Sawa," Anti alisema. "Lakini yeye akifukuzwa na huyo profesa, hapo pia hutakuwa na vyombo vya kuosha. Fikiria hivyo kama inakusaidia."

Kulifikiria jambo hakunisaidii kulisema. Jumanne Daktari alikuwepo na sikusema. Jumatano nilifika mpaka mlangoni kwake na kurudi. Alhamisi niliona kwamba kusema sitaweza, lakini kuonyesha nitaweza. Nilitandika kitambaa ndani ya kasha, nikaweka kisahani kimoja chenye kifuniko na, kando yake, kipande cha nailoni kilichomwagiwa maji. Nikawasha taa, nikamwita.

"Daktari, njoo uone kitu."

Aliinama kwenye kioo.

"Hicho ni kivuli," alisema.

"Ndiyo."

"Cha kioo." Alinyooka taratibu. "Ukimulika, huwa unaweka vifuniko?"

"Ndiyo."

"Vyote?"

"Vyote. Sijawahi kuacha hata kimoja."

Alivuta kigoda akaketi. Aliniuliza kwa nini, na nikasema vumbi. Akatazama juu, kwenye dari ya maabara, ambayo ilikuwa nyeupe na safi, hakuna kitu ambacho kingeweza kudondoka kutoka huko. Nilitamani sakafu ipasuke.

"Nilikwambia kioo kinauzuia," alisema.

"Nilidhani ni kwa macho tu."

"Uligundua lini?"

"Jumatatu."

"Leo ni Alhamisi."

"Ndiyo."

Hakunikaripia. Alisimama, akaibandua ile karatasi ukutani, akaisoma kana kwamba imeandikwa na mtu mwingine. Halafu akachukua kalamu, akazirudisha dakika ishirini zikawa kumi, akaongeza mstari mmoja: ondoa vifuniko. "Hii niliiandika mimi," alisema. "Kesho nataka damu mapema. Mwambie mama achague."

Profesa alikuwa anakuja baada ya siku kumi. Ijumaa asubuhi Anti alichagua jogoo mwekundu, akasema huyu hajawahi kula takataka maishani, na yule muuza mayai akasema ndiye anafaa kwenda chuo kikuu. Tulitayarisha viini mimi na Daktari pamoja. Nilipanga visahani juu ya barafu, nikaondoa vifuniko kimoja kimoja, nikavipanga mbali juu ya meza. Kuviacha vile visahani wazi kulinifanya nitokwe jasho. Dakika kumi zote nilisimama kwenye kioo cha kando na mikono nyuma.

Mistari ilitoka, mitano, ya buluu iliyokolea. Daktari aliihesabu kwa kidole, akaihesabu tena. Kisha akanisukuma begani kama tunavyosukumana sisi wasichana wa mtaani.

Profesa alikuwa mzee mrefu, mpole kwa sauti na mkali kwa maswali. Nilikuwa kwenye sinki, nikisikia kila neno. Aliitazama mistari, akasema ni mizuri. Halafu akauliza, "Utajuaje kwamba ni mwanga ulioinatisha? Taa ina joto. Na dakika kumi nje ya friji ni muda. Labda protini hizi zinanata zenyewe. Viini vyako vya gizani vilibaki kwenye friji, havikuingia kwenye kasha."

Nilifunga mfereji wa maji nisikie jibu. Nilidhani amekwama, na miezi mitatu yangu ndiyo iliyomkwamisha. Kisha nikamsikia akivuta droo. Alitoa picha zote za zile safu tupu, akazipanga mezani mbele ya profesa, moja baada ya nyingine, mpaka meza ikajaa.

"Hizi ziliingia kwenye kasha," alisema. "Damu kutoka soko lile lile, barafu ile ile, nyingi kwa taa hii hii, dakika zile zile, na nyingine mara mbili. Joto lilizifikia. Muda zilipata. Tofauti ya zote na hii ya leo ni moja tu. Zilikuwa chini ya kioo."

Profesa alizipitia zote. Ilichukua muda. "Mara nyingi hivi," alisema. "Watu hufanya moja au mbili za kulinganishia. Ni nani aliyepanga hivi?"

Daktari aligeuka akanitazama, na mimi nikaitazama sinki. "Hatukupanga," alisema. "Tulikosea, na aliyeligundua kosa ni huyu." Akamweleza yote, vifuniko, kitambaa, nailoni, hata unyoya. Profesa alikuja akataka kukiona kile kitambaa. Alichungulia kupitia kioo kama mtoto, akaniomba niweke kifuniko, nikitoe, nikiweke tena, na kila mara nilizima taa kwanza. Kazi haikufungwa. Alimwongezea Daktari mwaka.

Katika ile mistari mitano, minne Daktari aliijua majina. Wa tatu kutoka chini hakuujua, na mpaka nilipoacha kazi pale alikuwa bado anautafuta. Mimi lililonikaa kichwani ni lingine. Ule mwanga unamkamata aliyeshika uzi wakati taa inawaka. Hausemi alishika tangu lini, wala angeachia lini kama asingemulikwa. Jogoo akiwa amelala, protini ni zile zile? Akiwa na hofu, ameshikwa miguu na Anti na kisu kiko karibu, zinahama? Nilimuuliza Daktari, akasema hakuna aliyemuuliza hivyo na hana jibu.

Kwa hiyo nawauliza nyinyi. Kama kuna msomaji anayejua, au aliyewahi kufanya kazi na taa kama ile, au hata anayefikiri tu kuhusu jambo hili, naomba aniandikie. Mchapishaji atanifikishia barua, na hata iwe fupi nitaijibu.